Nimejificha, na shangazi ameona ndala zangu

Leo nimejificha chumbani mwangu mwenyewe, hapa Hamugembe, mchana kweupe.

Mnakumbuka lile gemu la kunyatia walinzi nililowasumbua nalo mwaka mzima? Lile lenye mji mzima wa kuzurura utakavyo?

Leo waliolicheza mapema wametoa maoni. Nikajilaza na simu, nasoma.

Mara hodi.

Nikachungulia pembeni ya pazia. Shangazi, kutoka Izimbya! Na shangazi akishakaa kitini, haondoki leo. Nikajisemea, ngoja nimalize kusoma, nitamfuata baadaye kwa mama.

Nikazima sauti ya simu. Nikabana pumzi, jamani, kama niko ndani ya gemu.

Akabisha mara tatu. Kisha nikasikia akiondoka.

Nikaendelea kusoma. Gemu wameliponda vibaya! Eti walinzi hawaoni kitu, unapita mbele ya macho yao na hawashtuki.

Mvua ilipoanza nikakimbilia mlangoni kuokoa ndala zangu. Shangazi alikuwa ameshazisogeza ukutani zisilowe. Kando yazo ameacha kahawa ya kutafuna, kaifunga vizuri kwenye jani kavu la mgomba.

Kwetu mwenyeji ndiye humpa mgeni kahawa.

Nikampigia. Mvua imemkuta njiani. Nikaanza kudanganya kwamba nilikuwa nimelala, akanikatiza kwa upole:

"Najua, mwanangu. Ndiyo maana sikubisha kwa nguvu."

Kahawa bado iko mezani. Semeni ukweli, nani kati yenu angeweza kuitafuna?