Punje ya Shavuni

Harufu ya mahindi yakichemka kwenye debe hunikasirisha hadi leo. Utotoni niliipenda kuliko harufu nyingine yoyote, maana ndiyo iliyotuamsha katika ploti yetu ya Kawangware miaka ile ya sabini: vyumba vya udongo vilivyotazamana, choo kimoja huko mwisho, na mashamba ya watu yakianzia nyuma ya ua. Aliyeyachemsha ni Nekesa, jirani yetu wa mlango wa pili, mwanamke wa Bungoma aliyekuja mjini baada ya mumewe kumfukuza kwa kukosa mtoto. Sisi watoto wa Kiluhya tulimwita Senje, yaani shangazi, ingawa hakuwa na ndugu hata mmoja pale. Mahindi yake aliyauza barabarani, na kila jioni alinibakizia moja laini, akaniketisha kwenye kibao chake na kunitazama nikila. Kunitazama huko ndiko kulikomponza.

Nilikuwa darasa la tatu nilipoota kivimbe shavuni, karibu na sikio. Kilikuwa chini ya ngozi, kigumu kama kokoto, ukubwa wa punje ya hindi, na ngozi iliyokifunika ilikuwa na rangi ya samawati kidogo. Hakikuuma. Darasani nilikisukuma kwa kidole kikateleza huku na huku, na nisingemwambia mtu kama mama asingekigusa akinisuka nywele. Mama yangu alikuwa mtu wa kuogopa maneno ya watu. Badala ya kunipeleka zahanati aliwaita akina mama wa kanisa letu, wakanipapasa mmoja baada ya mwingine kama wanaochagua nyanya sokoni, kisha wakakata shauri kwamba ile ni punje ya hindi la Nekesa. Waliamini kwamba mwenye jicho baya akimtazama mtoto akila, chakula humwingia mtoto mwilini kikakwama chini ya ngozi, na hakuna wa kukitoa ila yeye mwenyewe, kwa kupasugua kwa samli. Mwanamke asiyezaa ndiye aliyeshukiwa kwanza. Wahenga walisema penye wengi hapaharibiki neno. Siku hiyo walikuwa wengi, na waliliharibu wakiwa wamefunga vitambaa vyao vyeupe vya kanisani.

Walijaa mlangoni kwa Nekesa, mimi nimeshikwa mkono, mama akiwa na kikopo cha samli. "Senje," mama akasema akiangalia chini, "kama hujafanya kitu, si umpake tu mtoto?"

Nekesa alikitazama kile kikopo. "Nikimpaka mtasema ni mimi," akasema. "Nikikataa mtasema ni mimi. Leteni mtoto."

Alinipaka. Akawa ananiuliza kama naumia, nao wakimwamuru akaze. Walimrudisha jioni baada ya jioni asugue tena, mpaka shavu likavimba, likawaka moto, likatunga usaha. Basi wakasema amekataa kuitoa punje yake. Na kama ingetoka wangesema nini? Wangesema imetoka kwa sababu ni yake. Nikikumbuka mtego ule damu yangu huchemka. Mwenye ploti, Baba Njoroge, hakuwa hata na imani hiyo ya punje na samli. Yeye alitaka utulivu, na wapangaji wake wasihame. "Mimi sitaki maneno kwa ploti yangu," alimwambia Nekesa. "Tafuta nyumba ingine." Wateja walikuwa wamekwisha kumkimbia, kwani nani angenunua mahindi ya mwenye jicho? Alipakia godoro lake na debe lake kwenye mkokoteni, akahamia Kibera, upande wa Mashimoni. Hakuna mtu mzima aliyetoka nje kumuaga.

Usaha ulipozidi, mama alinipeleka hospitali. Walinitibu shavu kwanza, kisha siku nyingine daktari akanidunga ganzi, akapasua, akatoa kitu cheupe kinachomeng'enyeka kama chaki. "Ni kivimbe kinachoota kwenye shina la nywele," alimwambia mama. "Watoto hupata. Si saratani, na hakuna mtu aliyemtilia. Kilichomuumiza ni huko kusuguliwa." Mama aliitikia, ndiyo daktari, ndiyo daktari. Njiani nikamuuliza kama tungepitia Mashimoni tumwambie Senje. "Nyamaza," akasema. "Maji yakimwagika hayazoleki." Maji gani? Mtu alikuwa hai, mahali pa kwenda kwa miguu, na mama alikuwa na maneno ya daktari mdomoni. Tulipofika nyumbani aliwaambia akina mama kwamba Mungu ameniponya, wakapiga vigelegele. Nilisimama katikati yao na bandeji usoni nikiwachukia wote, mama yangu akiwa wa kwanza.

Nilipokuwa mkubwa wa kutosha kwenda mbali peke yangu, nilimtafuta Mashimoni. Nilimuuliza mwanamke aliyeuza maji. "Yule wa jicho?" akasema. "Huyo alihama kitambo. Sijui alienda wapi." Jina walilompa kwetu lilikuwa limemfuata hadi kule.

Kawangware ya sasa ni ya ghorofa, na kliniki ziko kila kona. Mwaka jana mjukuu wangu aliota kivimbe kama kile mkononi. Daktari kijana alikitaja kwa jina lake, pilomatrikoma, akakitoa, tukawa nyumbani kabla ya chakula cha mchana. Mama, ambaye sasa ni mzee na haoni vizuri, aliipapasa bandeji ya mtoto akauliza, "Na huyu, alitazamwa na nani?"

Nilimjibu kwa sauti, mke wa mwanangu akisikia. "Hakuna aliyemtazama, Mama. Hata mimi hakuna aliyenitazama vibaya. Nekesa alinitazama kwa kunipenda, na wewe ulilijua hilo tangu siku ile ya hospitali."

Aliiachia bandeji. "Ningewaambia wale wa kanisa," akasema, "wangenigeukia mimi."

Huenda ni kweli. Lakini Nekesa naye aliwaona walivyojaa mlangoni kwake, na bado alisema leteni mtoto.