Mtoto Nambari Kumi na Saba Hajapotea

Geesje Wolthuis alifanya kazi ya uuguzi miaka thelathini na minne, na katika miaka yote hiyo hakuna bosi aliyewahi kumwita mtu mwepesi kuongozwa. Alizaliwa ndani ya meli ya mizigo, kwenye mifereji ya kaskazini ya Uholanzi, baba yake akisafirisha mchanga na mama yake akishika usukani huku maharage yakichemka jikoni. Watu wa meli hawaombi ruhusa ya kusema. Alipopelekwa shule ya bweni akiwa na miaka sita aliingia na tabia hiyo, na masista wa pale, pamoja na macho yao makali, walishindwa kumwachisha.

Miaka tisa ya mwisho alikuwa muuguzi wa utafiti katika hospitali moja kubwa ya nchi hiyo, jina lake tuliache. Kazi yake ilikuwa kuwafuatilia watoto ishirini na wanne wenye kifafa sugu, waliofanyiwa upasuaji wa aina mpya. Fuvu halikufunguliwa. Daktari alitoboa tundu dogo, akapitisha uzi mwembamba wa leza, akachoma kipande cha ubongo kinachoanzisha kifafa. Mwaka mmoja baadaye Geesje aliuliza swali lile lile kwa kila mzazi: mtoto ameanguka mara ngapi? Jibu liliingia kwenye kisanduku cha fomu, na fomu ikaenda kwa Profesa Lubbert Haverkamp.

Haverkamp hakuwa mtu mbaya, na ni haki kulisema hilo mapema. Alikuwa mpasuaji hodari aliyewahurumia wale watoto kwa dhati. Lakini alikuwa na haraka ya kutangaza matokeo yake, na Alhamisi moja alimwekea Geesje karatasi mezani.

"Nambari kumi na saba amepotea," alisema. "Barua tatu, simu tatu, kimya. Utaratibu uko wazi. Tia sahihi hapo, Bi Geesje, nifunge orodha."

"Amepoteaje?"

"Kupotea ni kupotea. Watakuwa wamehama."

"Hawa wanaishi melini, Profesa. Wanahama kila siku ya Mungu."

"Basi ndiyo umeniunga mkono."

Geesje hakutia sahihi. Nambari kumi na saba alikuwa Fenna Vos, mtoto wa miaka minane, na Geesje alishajua kosa lilipo. Barua za watu wa meli hupelekwa kwa ndugu aliye nchi kavu. Hizi zilikwenda kwa bibi yake Fenna, mjini Delfzijl, na bibi huyo alikuwa amefariki tangu majira ya baridi. Zilikuwa zimelala nyuma ya mlango ambao haukuwa na mtu wa kuufungua. Hakupiga simu ya nne kwenye ile namba ya bibi, iliyokufa naye. Alimpigia mlinzi wa malango ya mfereji, anayefungulia kila meli inayopita.

"Meli ya 'Nooitgedacht'?" mlinzi alisema. "Imepita asubuhi na shehena ya changarawe. Kesho saa nne itakuwa Lemmer. Hebu ngoja, wewe si binti wa Wolthuis? Baba yako alinigongea lango mwaka wa themanini na tisa!"

"Ulichelewa kulifungua," Geesje alijibu, akakata simu.

Alichukua siku moja ya likizo yake mwenyewe, akasafiri kwa basi na baiskeli ya kukunja, akaisubiri meli langoni huku upepo ukimpiga. Trijntje Vos, mama yake Fenna, alimkaribisha ndani kwa kahawa na biskuti moja, kisha akafunika kopo la biskuti kama ilivyo desturi ya huko. Harm, baba mtu, alikuwa kwenye usukani, mgongo umewaelekea.

"Kifafa je?" Geesje aliuliza.

"Hakuna, Sista. Miezi kumi na tatu sasa, hata mara moja. Na zamani alikuwa anaanguka mara ishirini kwa siku."

Geesje alitaka kufurahi. Akamgeukia mtoto. "Hujambo, Fenna?"

Fenna alimtazama mama yake.

"Maneno yameondoka," Harm alisema bila kugeuka. "Anaelewa kila kitu, usimdharau. Kuyatoa ndiyo hawezi."

"Mlimwambia nani?"

"Nilipiga kliniki," Trijntje alisema. "Binti mmoja akaniuliza, mtoto ameanguka? Nikamwambia hapana. Akasema, basi hongereni."

Geesje alifungua mkoba akatoa kadi za picha, thelathini, zile zile ambazo Fenna alionyeshwa kabla ya upasuaji. Wakati ule alitaja ishirini na saba. Alipoonyeshwa ng'ombe, Fenna alinyoosha kidole dirishani, kwenye malisho, kwa ng'ombe mwenyewe, akamkazia macho Geesje kama anayemuuliza, wewe humwoni? Neno halikuja. Kwa kadi ya mkasi alikatakata hewa kwa vidole viwili. Kwa ile ya baiskeli alifumba ngumi akaipiga meza mpaka vikombe vikarukaruka, machozi yakimlengalenga kwa hasira. Alitaja nne. Mama yake aliinuka akaanza kuosha kikombe kilichokuwa safi.

Geesje aliona haya, haya ya kweli, ya kuunguza masikio. Kile kisanduku kilikuwa chake. Ni yeye aliyewauliza wazazi swali moja tu na kushukuru.

Jumatatu Haverkamp aliisoma fomu akiwa amesimama, uso ukamchangamka. "Sifuri! Hajaanguka kabisa? Safi sana! Hapo tunapata waliopona ishirini na wawili kati ya ishirini na wanne." Akafunua ukurasa wa pili, akausoma mara mbili. Alipozungumza tena sauti ilikuwa imeshuka. "Umempima mwezi wa kumi na tatu."

"Ndiyo."

"Muda wetu unafungwa wiki nne baada ya mwaka. Huyu yuko nje. Hatuwezi kumtumia."

"Sifuri yake ulikuwa unaitumia dakika moja iliyopita."

Profesa akaiva uso. "Bi Geesje, nisikilize. Wako watoto wengi wanasubiri. Ukiwatisha wazazi kwa habari ya mtoto mmoja, watakimbia, na watoto wao wataendelea kuanguka. Mzigo huo ataubeba nani?"

"Na huu wa Fenna anaubeba nani? Mama yake peke yake?"

"Tia sahihi kwamba amepotea."

"Sitii."

"Nitamtafuta mwingine atie."

"Mtafute! Na mimi nitaandika kwamba huyo mtoto aliyepotea nimekunywa kahawa kwao, na biskuti nikapewa."

Hakuwa akitania. Kabla ya saa sita alikuwa ameiandikia kamati inayolinda usalama wa wagonjwa kwenye utafiti, jambo zima, pamoja na kosa lake mwenyewe kwanza kabisa. Siku ile wenzake walihamia meza nyingine ya chakula. Kuna aliyemwambia kwamba amekaribia kustaafu, angevumilia tu. Geesje alikula mkate wake wa jibini peke yake. Aliumaliza wote. Potelea mbali, alijisemea.

Kamati ilichukua wiki tatu. Ikaamua kwamba Fenna ahesabiwe, kifafa chake na maneno yake. Kwamba watoto wote wapimwe upya uwezo wa kusema. Na kwamba mzazi yeyote asitie sahihi ya kukubali upasuaji kabla ya kuambiwa habari hiyo kwa mdomo.

"Wewe ndiye uliyeyataka haya," Haverkamp alimwambia. "Utawaambia wewe. Nami nitakuwepo nione wangapi watabaki."

Wa kwanza aliitwa Wietske Brandsma, mwanamke mwembamba ambaye macho yake yalionyesha hajalala vizuri kwa miaka. Alikuja na mwanawe Jurre, wa miaka mitano, amevaa kofia ngumu kwa ajili ya kuanguka, mdomo haufungi. "Kwa nini una miwani mbili?" alimuuliza Geesje kabla hajakaa. "Ya kichwani inaona nini?" Upasuaji wake ulikuwa Alhamisi.

Geesje alikisogeza kando kile kijitabu cha maelezo. "Mama Jurre, nitakalokwambia humu halimo, kinachapishwa upya. Kati ya watoto ishirini na wanne, mmoja kifafa chake kiliondoka na maneno yakaondoka. Nimekwenda kumwona mwenyewe."

Wietske alipauka. Mlangoni Haverkamp alikuwa amesimama, mikono amekunja kifuani.

"Mama yake yupo?" Wietske aliuliza. "Nataka kumsikia yeye. Nyinyi nimeshawasikia."

Trijntje alikuwa ametoa ruhusa kwamba mzazi yeyote apewe namba yake. Geesje akapiga, akaiweka simu mezani, na mngurumo wa injini ya meli ukajaa chumbani.

"Dada," Wietske alisema, "ungejua, ungekubali?"

"Ningekubali," Trijntje alisema. "Alikuwa ananifia mikononi. Ila kuna jambo ningefanya kwanza. Simu yangu imejaa video za kifafa chake, dada, kwa sababu ndizo alizokuwa anazitaka daktari. Ya yeye akiongea ninayo moja. Sekunde kumi na moja. Hakuna aliyeniambia."

"Nani huyo?" Jurre aliuliza. "Yuko kwenye trekta?"

Wietske aliitazama kalamu iliyolala juu ya fomu ya ridhaa mbele yake, akaiacha palepale, akatoa simu mfukoni na kumwelekezea mwanawe.

"Ongea, Jurre."

"Niongee nini?"

"Chochote, mwanangu. Ongea tu, usinyamaze."

Jurre aliongea dakika arobaini. Alieleza trekta ya babu yake, gurudumu moja baada ya jingine, na mbwa wa jirani anayekula soksi, na kwa nini samaki hawahitaji kofia. Haverkamp, aliyekuwa akisubiriwa chumba cha upasuaji, alisimama mlangoni mpaka mwisho. Ndipo Wietske alipochukua kalamu.