Mpakiaji Aliyetuchelewesha Njiani

Amekufa mpakiaji wa malori yaendayo Geita. Amekufa kwa kichomi, kitandani kwake, huko Samuye, mkewe akiwa ameketi kando yake. Habari nilizipata asubuhi moja nikifua nguo za mtoto, kutoka kwa mwanamke anayeuza maandazi karibu na stesheni ya reli hapa Shinyanga, na kabla sijanyanyuka vizuri kwenye beseni akaongeza, huku akicheka kidogo, kwamba basi sasa malori yatafika mapema. Nilimjibu maneno ambayo mhariri hatakubali kuyachapa, wala sijutii. Najua wengi wenu hufungua ukurasa huu kutafuta namna ya kumwachisha mtoto ziwa au kutoa doa la chai kwenye shuka. Leo mtanisamehe. Leo nina hasira, na hasira yenyewe ni kwa ajili ya mtu ambaye hakuwa ndugu yangu wala jirani yangu, na ambaye siku ya kwanza kukutana naye nilimchukia kabisa.

Nilimfahamu kwa sababu mume wangu ni dereva wa lori lenye tela. Walio mbali na barabara zetu wataniruhusu nieleze kidogo: lori linatangulia, na nyuma linavuta gari jingine lisilo na injini, lenye magurudumu yake, lililoshikwa na lori kwa mkono mmoja wa chuma. Yalianza kuonekana kwetu baada ya vita. Huleta robota za pamba stesheni, kisha hurudi na mabomba, mapipa ya mafuta, mbao na magunia ya unga kwenda kwenye machimbo ya dhahabu. Dereva wa gari la namna hiyo kila mtu anamjua. Ana kofia, ana saa ya mkononi, na wasichana wanamtungia nyimbo. Yule anayeupanga mzigo na kuufunga anaitwa kuli, basi, hata kama mvi zimemjaa kichwani. Huyu wetu zilikuwa zimemjaa. Alikuwa mfupi, mpole wa sauti, na alipomaliza kufunga alilizunguka gari mara tatu akizipiga kamba kwa kijiti, kichwa amekiinamisha, akisikiliza kila moja inalia vipi. Iliyolia vibaya aliifungua na kuanza upya, hata kama dereva ameshawasha injini na abiria wameshaanza kumtukana.

Hayo ya uwanjani watu waliweza kuyavumilia. Kilichowaudhi ni Samuye. Gari lilikuwa halijakwenda mbali kutoka mjini, linafika hapo kijijini, naye anagonga paa juu ya kichwa cha dereva. Gari linasimama. Anashuka, anazikaza kamba zote tena, moja baada ya nyingine, za lori na za tela, kwa sababu mzigo ukishatikiswa barabarani hujipanga upya na kushuka, na kamba iliyokuwa ngumu Shinyanga inakuwa imelegea kama mkanda wa suruali ya mtu aliyekonda. Mvua ikinyesha anagonga tena. Wakivuka korongo baya anagonga tena. Machimboni wanangoja, mwenye malori ananuna, abiria wanapigwa jua. Na kwa kuwa Samuye ndiko kwao, wenye midomo walikuwa na maelezo yao: mzee anasimamisha gari akaonje chungu cha mkewe. Mume wangu naye aliisema hiyo, na mimi nilicheka, siku hizo nilikuwa bado namchukia.

Nilimchukia kwa sababu alinishusha kwenye gari. Mtoto wangu alikuwa na miezi mitatu, mume wangu alikuwa amekwama Geita gari likitengenezwa, akaniletea salamu kwamba niende nikamwone. Nafasi ya mbele kwa dereva ilikuwa imechukuliwa na karani mmoja, hivyo nikapanda juu ya mzigo kama wanavyopanda watu wote, mtoto mgongoni, kapu mkononi. Mzigo ulikuwa mabomba ya chuma. Mpakiaji akaja, akatazama, akaniambia nishuke. Akawashusha na wenzangu wote. Wenzangu walishuka wakinung'unika, mimi nilikataa. Nilimwambia nimesoma mpaka sekondari na najua kushikilia. Akaniuliza kwa utaratibu kama huko sekondari walitufundisha kushikilia bomba. Watu wakacheka, nami nikazidi kuwaka. Ndipo akasogea, akaweka mkono juu ya bomba moja, akasema, "Mayu, haya yakianza kushuka hayataniuliza nani ana mtoto mgongoni." Mayu ni mama kwa Kisukuma, na alilitamka kwa heshima, lakini gari liliondoka bila mimi. Nilingoja siku mbili mpaka nikapata kiti cha mbele kwenye lori jingine.

Yale mabomba yalifika salama, hayakusogea hata kidogo. Nilipoambiwa nilifurahi, maana nilijua nimepata la kumwambia. Niliporudi Shinyanga nilimfuata uwanjani makusudi, nikamwamkia shikamoo kama mtu mwenye adabu, kisha nikamuuliza mbona mabomba yake yalifika vizuri na mimi nilikoseshwa safari bure. Akaitikia marahaba, akafikiri kidogo, akasema, "Yalifika kwa sababu niliyafunga. Wewe ningekufungaje?"  Nilikwenda nyumbani nikiyarudia maneno yake njia nzima, na tangu siku hiyo nikimpelekea mume wangu chakula uwanjani, nilimpelekea na mzee sahani yake.

Wakati akila alinifundisha mambo ambayo shuleni hatukuambiwa. Kwamba tela likipakiwa uzito wote nyuma hutikisa mkia mpaka linamvuta dereva mtaroni, hivyo kizito kikae chini na kati, juu ya magurudumu. Kwamba pipa lililolazwa ni gurudumu linalongoja mteremko, hivyo lisimamishwe, na mianya izibwe kwa magunia ya mbegu za pamba. Kwamba kamba moja isifunge lori na tela kwa pamoja, kwa kuwa kwenye kona hayo mawili hayageuki sawa, na kamba itakatika. Kwamba ule mkono wa chuma unaoyaunganisha si kiti. Hilo la mwisho watu walikuwa hawalisikii kabisa. Vijana walipenda kukaa pale katikati, miguu ikining'inia, upepo ukiwapiga. Aliwaonya akachoka, kisha akaacha kuonya. Akachukua grisi kuukuu, nyeusi, akaupaka mkono wote wa chuma kila safari. Mwalimu mmoja aliyevaa suruali nyeupe ya Jumapili alikaa pale bila kuangalia, akaja kumfokea mpaka mate yakamtoka. Mzee akamsikiliza mpaka mwisho, akampa pole, akamweleza kwamba madoa ya grisi yanatoka kwa mafuta ya taa. Mimi mwenyewe niliyaandika hayo ya mafuta ya taa kwenye safu hii, na baadhi yenu mkaniandikia kunishukuru. Basi shukrani zilikuwa zake.

Siku moja tulikuwa tumejikinga mvua chini ya turubai. Mchuuzi wa ng'ombe alikuwa amepita akimtaka achukue kamba zake za ngozi, kwa kuwa za katani zilikuwa zimeadimika, na mzee alikuwa amemfukuza kwa ukali ambao sikuwahi kuuona kwake. Nilimuuliza kwa nini. Kwetu huku kila mtu anaiamini kamba ya ngozi. Inamshika fahali mpaka anachoka mwenyewe. Akanisimulia, akitazama mvua. Miaka yake ya mwanzo kwenye malori alikuwa fundi wa kusuka kamba hizo, na alifungia nazo mizigo kiangazi kizima. Jua lilivyozikausha ndivyo zilivyozidi kubana, watu wakamsifu. Kisha mvua ya kwanza ikawakuta karibu na Kharumwa. Katani ikilowa hubana. Ngozi ikilowa huvutika kama unga uliokandwa. Hakuna aliyewaza hilo, kwa kuwa hakuna aliyewahi kumfunga fahali akampeleka mbio mvuani. Kwenye kona mbao zikateleza, na shemeji yake, kaka wa mkewe, alikuwa amekaa juu yake. Mzee akasema, "Kamba ile niliisuka mimi, na yeye ndiye aliyenishikia ncha." Hakuniambia nifiche wala niseme. Leo nasema.

Samuye tulikwenda kumzika watu wengi, makuli, madereva, hata yule mwalimu wa suruali nyeupe. Nilikaa ndani na mjane. Wanawake walikuwa wakisimulia namna alivyosimamisha magari ili aje kula, wakidhani wanamchekesha mfiwa, na yeye akaitikia kwa upole, akasema hajawahi kumpikia chochote saa ile. Alikuwa akisikia gari anatoka nje kwenda kumshikia kamba upande wa pili, avute huku na mwenzake avute kule. Miaka yote hiyo. Tangu alipokufa kaka yake hakumlaumu mumewe hata kwa neno moja. Alikwenda barabarani tu, akashika kamba. Nikaona haya kwa kicheko changu cha zamani. Nikiwa bado na haya hiyo nikatoka nje, nikamkuta mwenye malori anatoa rambirambi. Akasema tumempoteza mtu mwema. Akasema kazi haina budi kuendelea. Akasema kuanzia safari ijayo magari yataacha kusimama ovyo njiani. Kaburi lilikuwa bado linamwagiwa udongo. Wanaume wakaitikia kwa vichwa, na miongoni mwa vichwa hivyo kilikuwemo cha mume wangu.

Tuligombana siku mbili. Nilimuuliza nani sasa atagonga paa. Mpakiaji mpya ni mtu mzuri lakini ana wasiwasi na kibarua chake. Akiambiwa asigonge hatagonga. Mume wangu akasema yeye hawezi kubishana na mwenye gari. Nikasema basi asibishane, asimame tu na ashuke azikaze mwenyewe. Akanitazama kama niliyemwambia avae khanga. "Mama Fulani," akasema, "mimi ni dereva. Dereva hashiki kamba." Nikamwambia kwamba juu ya mzigo wake watakaa watu, kwamba mbele atakaa yeye, kwamba mbao zikiteleza hazichagui kati ya mwenye kofia na asiye nayo, na kwamba mimi sitaki kulea mtoto kwa kumsimulia jinsi baba yake alivyofika mapema. Nikamsimulia na habari ya Kharumwa, ambayo hakuwahi kuisikia ingawa alifanya kazi na mzee miaka mingi.  Alfajiri akachukua kofia yake akaondoka, nami sikumwambia safari njema, jambo ambalo lilinitesa siku tatu nzima. Kila gari lililopita nilitoka nje na mtoto.

Siku hizo tatu nilikuwa na nafasi ya kufikiri. Ajali iliyotokea tunaijua vizuri. Ina mazishi, ina kesi, ina habari gazetini. Ile isiyotokea haina hata jina, na mtu aliyeizuia tunamwona amesimama barabarani anatupotezea muda. Sisi tunamsifu dereva kwa kufika na tunamlaumu kuli kwa kuchelewa, kana kwamba hayo ni mambo mawili. Tunajifunza sana siku hizi, magari yanaongezeka, migodi inataka zaidi na zaidi, kila mtu anasema tuendelee mbele, na sikatai, mimi mwenyewe ni mtoto wa maendeleo hayo. Lakini naona tumeanza kuamini kwamba mwendo ndio kazi, na kukaza kamba ni kuisimamisha kazi. Mzee hakujua kuandika jina lake. Lakini alijua kwamba kukaza kamba nako ni kazi.

Siku ya tatu jioni mume wangu alirudi. Alikaa mlangoni akaomba maji, na aliposhika kikombe nikaona viganja vyake vimechubuka vyote viwili, katani imekata mpaka nyama nyekundu.  Nilileta samli nikampaka, naye akasema tu kwamba kamba zilikuwa zimelegea sana, kuliko alivyofikiria, na kwamba mwenye gari amemsema vibaya mbele ya watu. Nikamwambia watu watasahau. Akasema atashuka tena wiki ijayo.

Hicho ndicho ninachowaachia. Mzigo hauna mtu mdogo wala mkubwa. Anayeendesha na ajue kufunga, na aliyefunga aruhusiwe kusimamisha, hata kama anayengoja ni tajiri. Nanyi mnaosafiri, gari likisimama ili mtu akaze kamba, shukeni mnyooshe miguu, mnyonyesheni mtoto, mpeni mkono anayevuta. Msimwite mvivu. Na lisiposimama, pigeni kelele mpaka lisimame.