Nukta Nyekundu Ndani ya Laptopu ya Hawa

Sipendi kulisema hili, na wanaonijua wanajua kwamba mimi si mwepesi wa kukiri kosa, lakini nimeona afadhali mlisikie kutoka kwangu kuliko kwa wachomeleaji wa Katwe, ambao nasikia bado wanacheka. Mimi, mjane wa polisi, mwanamke niliyelea watoto sita kambini bila hata mmoja wao kuokota sindano ya mtu, nilisimama mchana kweupe mbele ya watu nikamwita mtu mwizi, na mtu huyo nusura afukuzwe kwenye kibaraza kinachomlisha yeye na wanawe, na kosa lilikuwa langu lote, halikuwa na hisa ya mwingine.

Laptopu ni ya mjukuu wangu Hawa, ambaye naishi naye mtaa wa Kamwokya. Anasomea ualimu, na asubuhi tatu kwa wiki mwalimu wao huwafundisha kwa intaneti, kila mtu akiwa kwake, nami hukaa pembeni nikishona huku nikisikiliza (yule mwalimu anaongea haraka mno, lakini hilo si la leo). Sasa siku moja chai ikaimwagikia kibodi, na sikuimwaga mimi, na herufi tano zikafa. Hawa akasema ataipeleka Katwe, kwenye mtaa wa mafundi, kwa fundi mmoja Mkongo anayeitwa Ilunga, atabadilisha kibodi na mambo yataisha.

Yangeisha kweli kama ningekaa na ushonaji wangu. Lakini jirani yangu Mama Sauda alikuwa amekwisha kunisimulia jinsi mafundi wa mjini wanavyofanya, unampelekea kitu kizima, anakitoa matumbo mazuri anayauza, anakutilia mabovu, nawe unarudi nyumbani unashukuru. Na sisi tuliokaa kambini tuna desturi moja. Kukiwa na harusi au matanga, mabeseni na sufuria za wake wa askari wote hukusanywa pamoja, mia na zaidi, yote yanafanana, na usipotia alama chini ya chombo chako utarudi na chenye tundu. Alama yangu ni nukta nyekundu. Kwa miaka arobaini nukta hiyo imenirudishia vyombo vyangu vyote isipokuwa sufuria moja, na hiyo najua aliyenayo.

Basi Hawa alipoingia kuoga (na Hawa akioga, unaweza kupika maharage yakaiva), niliipindua ile laptopu juu ya kitanda, nikachukua bisibisi ya cherehani yangu, nikafungua skrubu moja baada ya nyingine na kuzipanga kwenye kisahani nisizipoteze. Nikachukua rangi ya kucha, chupa ambayo nilimnyang'anya Hawa mwenyewe kwa sababu ya udhu, nikaanza kutia nukta. Betri, nukta. Feni, nukta. Kila kibati na kila kidude nilichokiona humo ndani, sikukiacha. Kulikuwa na kidude kimoja kidogo kama stempu, kimeshikwa na nyaya mbili nyembamba, moja nyeusi na moja nyeupe, zina vichwa kama vile vifungo vya chuma vya kubonyeza vya nguo za watoto wachanga. Nikakigusa, kichwa kimoja kikang'oka, na chini yake kukawa na kitu kinang'aa kama dhahabu. Nikajisemea, mwizi akija atakuja kwa ajili ya hiki. Kwa hiyo nikatia nukta papo hapo juu ya ile dhahabu, nene, nikatia na kwa mwenzake ili mambo yawe sawa, nikavibonyeza vichwa vikarudi mahali pake kabla rangi haijakauka. Hawa alipotoka bafuni laptopu ilikuwa imefungwa na mimi nilikuwa nachambua mchele.

Ikaenda Katwe, ikarudi baada ya siku mbili, herufi zote nzima. Lakini intaneti yake sasa ikawa kama mgonjwa wa malaria, saa hii anakaa anakula, saa hii amelala. Mwalimu anaongea, ghafla mdomo wake unabaki wazi, hasogei, kisha anatoweka. Hawa akaizima na kuiwasha. Akaiambia isahau mtandao wa nyumbani na akauingiza upya na neno lake la siri. Akaondoa ile programu inayoendesha waifai akaiweka tena. Akaiweka simu yake ubavuni mwa laptopu, mtandao ule ule, na simu ikashika vizuri kabisa, laptopu ikasema haioni kitu. Mwishowe aligundua kwamba ikikaa karibu sana na kile kisanduku cha waifai inashika kidogo, na kwa kuwa kisanduku kiko ukutani juu ya mlango wa jikoni, mtoto wa watu akawa anasoma ualimu amesimama juu ya kiti, laptopu ameikumbatia, na mimi napita chini yake na sufuria ya uji.

"Waifai ya ndani, kile kidude chenye nyaya mbili, imekufa," akasema. "Labda ni uzee tu, Habuba." (Habuba ndiyo bibi kwa sisi Wanubi.)

Nikamwambia uzee haumpati mtu Jumanne kwa Alhamisi, na kwamba kabla ya Katwe ilikuwa nzima. Akanieleza kwamba kibodi ya laptopu ile hutolewa kwa juu, kwamba fundi hakuwa na haja ya kufungua chini, na kwamba yule fundi ni mtu mwaminifu, mtaa mzima unampelekea simu. Nikamwambia waaminifu wote wana fundi aliyewafundisha. Sijui nilimaanisha nini, lakini nililisema kwa sauti ya kutosha akanyamaza.

Asubuhi Hawa alipokwenda chuoni, nilijitanda mtandio wangu wa matangani, nikaitia laptopu kwenye mfuko wa soko la Owino, nikapanda boda mpaka Katwe.

Ilunga hakuwepo, alikuwa amekwenda kununua chakula. Kibaraza chake ni meza moja na kiti kimoja mbele ya duka la spea, na mwenye duka ni mzee wa Kiganda ambaye wote wanamwita Ssalongo kwa sababu ana mapacha. Watu wanne walikuwa wamekaa kwenye benchi wakingoja vitu vyao. Hapo mtu mwenye busara angekaa nao akangoja. Mimi nilimwambia Ssalongo, na sikumwambia polepole, maana upande wa pili wanachomelea mageti na kelele zao ni nyingi: kwamba fundi aliyemweka mlangoni pake ametoa kidude kizima kwenye laptopu ya mjukuu wangu akatia kibovu, kwamba yeye kama mwenye mahali ana lake la kujibu, na kwamba mimi nimekaa na polisi miaka thelathini na mwizi namjua kwa harufu.

Mafundi mageti wakazima mashine zao wasikie vizuri. Kijana mmoja pale kwenye benchi akainuka, akaichukua simu yake mezani ikiwa bado imefunguliwa mgongo. Mwanamke mmoja mwenye redio ya njano, mtu mzima wa makamo, akaitazama redio yake, akanitazama mimi na mtandio wangu, akaiweka kwapani akaondoka. Mimi nikajisikia nimewaokoa.

Ssalongo hakupandisha sauti. Alisema tu kwamba ameishi na Ilunga pale miaka mitano bila tatizo, ila duka lake linaishi kwa jina, na kama ni kweli basi meza ile itaondoka leo leo kabla hajafunga.

Ndipo Ilunga akatokea, mtu wa miaka arobaini hivi, amebeba sahani ya posho (ugali wa huku kwetu) na maharage iliyofunikwa na nyingine. Akawakuta watu wamesimama, benchi limebaki na wawili. Ssalongo akamweleza kwa maneno machache. Ilunga akaweka sahani chini, taratibu, kama mtu anayejua kwamba hataila.

"Mama," akaniambia, "mimi chini sikufungua."

"Nina alama," nikasema. "Ifungue mbele ya watu hawa. Kisicho na nukta nyekundu, hicho ndicho chako."

Akafungua. Watu wakainama juu ya meza, na mimi nikainama mbele yao wote, nimejiandaa. Jamani, nukta zilikuwepo. Zilikuwepo zote, nyekundu, nono, mahali pale pale nilipoziweka, hakuna hata kimoja kilichokosa.

"Jjajja," akasema mchomeleaji mmoja, yaani bibi, "hii kompyuta ina surua."

Wakacheka, na mwingine akasema iwekwe ndani isiambukize nyingine. Nikawaambia wanyamaze, nikakielekezea kidole kile kidude kama stempu nikasema, basi na hicho je, maana ndicho cha intaneti, kwa nini hakifanyi kazi? (Nilikuwa nimekwisha kuanza kutota jasho chini ya mtandio, lakini mdomo bado ulikuwa unakwenda wenyewe.) Ilunga akachukua kibano, akajaribu kuinua kichwa cha waya mweusi, kikagoma kwa kuwa kimegandishwa, akakichokonoa polepole mpaka kikatoka. Ile dhahabu chini yake haikuonekana. Palikuwa pekundu tupu.

Ilunga akakivuta kiti karibu. Akachovya pamba kwenye spiriti, akasugua, akachovya tena, pamba ikawa kama ya mtu aliyetoka kung'olewa jino. Akasafisha na wa pili. Akavibonyeza, akawasha laptopu, akaiunganisha na mtandao wa simu yake, kisha akampa mchomeleaji ile simu akamwambia avuke nayo barabara. Mchomeleaji akavuka, akasimama kule kwenye mageti, na laptopu ikashika, mistari yote imejaa.

Nyaya zile, akaninong'oneza, ndizo masikio ya laptopu. Na rangi ya kucha ni kama nta, haipitishi kitu. Akaniuliza, kwa sauti ya kunifaa mimi peke yangu, kama niliitia na huku chini ya vichwa. Nikautengeneza mtandio wangu. Akanitazama usoni kidogo tu, na alichokiona humo sijui, ila akageuka akawaambia watu kwa sauti:

"Ni waya tu ulilegea. Inatokea."

Sasa nataka mwelewe alichonipa yule mtu. Alinipa njia ya kwenda nyumbani. Ningechukua mfuko wangu, ningesema haya, Mungu akubariki, na watu wangesema bibi aliogopa bure lakini waya ulikuwa umelegea kweli. Na nilishika mfuko, sitawadanganya. Niliushika na nikaanza kuikunja laptopu. Ila Ssalongo alikuwa anaiangalia ile meza, si mimi, anaipima kwa macho kama mtu anayefikiria nani wa kuibeba upande wa pili, na akasema, kama anajisemea, kwamba waya hauwezi kulegea wenyewe, kuna mkono uliolegeza.

Marehemu mume wangu aliondoka duniani bila kunisikia nikimwomba radhi, na si kwamba hakukuwa na sababu. Kwa hiyo sikuwa na mazoezi. Nikaliweka lile jambo kinywani likanishinda, nikalimeza, nikalirudisha.

"Ssalongo," nikasema, "mkono ni huu." Nikauinua. "Nilifungua mimi, kwa bisibisi ya cherehani, mjukuu wangu akiwa anaoga. Rangi nilitia mimi mpaka mahali pasipotiwa kitu. Huyu hajanigusia hata skrubu. Nimemsingizia."

Hakuna aliyecheka hapo. Ningependa wangecheka. Ssalongo akaniuliza kwa heshima, nyabo, yaani mama, na wale walioondoka je? Kwa maana meza itabaki, hilo amelisikia, lakini walioondoka wameondoka na lile neno la kwanza, hili la pili hawakulisikia.

Nikamgeukia Ilunga nikamwambia anisamehe. Akasema yamekwisha, mama, na akaniletea kiti, na huo utu wake ulinichoma kuliko kama angenitukana. Sikukaa. Nikamwachia laptopu aifunge, nikaingia barabarani na miguu yangu hii, jua la saa saba, nikitafuta watu wawili katikati ya Katwe. Yule kijana wa simu nilimkuta kwenye kibanda cha fundi mwingine, mlango wa nne, simu iko tayari mikononi mwa huyo mwingine. Nikamweleza mbele ya fundi wake mpya, kila kitu, na rangi ya kucha. Akaomba simu yake akarudi nami, na njiani akaniuliza kama ninayo bado ile rangi, dada yake anaipenda nyekundu. Nilimwangalia akaacha.

Mwanamke wa redio sikumpata. Nilikwenda mpaka steji ya mabasi madogo, nikauliza, mmoja akasema amepanda la Kajjansi, mwingine la Entebbe, mwingine akasema hajaona redio yoyote na kwani nimeibiwa. Nikarudi kwa Ilunga mikono mitupu. Posho yake ilikuwa imepoa imekuwa ngumu, anaila hivyo hivyo huku anafanya kazi.

Hawa nilimwambia jioni, yeye akiwa amekaa chini mkekani kama binadamu, mbali kabisa na mlango wa jikoni, na intaneti haikatiki. Alicheka mpaka akalia, kisha akaniuliza yule mama wa redio alikuwa amevaaje, ili naye amtafute, akaacha kucheka.

Nimeapa kwamba kabla sijalitoa jina la mtu pamoja na neno wizi, nitaswali kwanza swala zote tano za siku hiyo, na kama baada ya Isha bado ninalo, nitaliuliza kwa mtu mwenyewe, mlango umefungwa. Na siku za Ijumaa, nikitoka msikitini, hupitia Katwe hata kama sina shughuli. Nimewaomba wauza ndizi wa pale steji wanisaidie macho. Ni redio ya njano, mpini umefungwa kwa kamba. Mkimwona, mwambieni yule bibi wa mtandio alikuwa mwongo, fundi ni mtu safi, arudi.