Jaribio Nililolizima

Swali lililoninyima usingizi miezi miwili lilikuwa fupi: nilisahau, au niliamua? Nikilala upande huu, nilikuwa nimesahau. Nikigeuka upande wa pili, nilikuwa nimeamua. Aliyesahau huhurumiwa. Aliyeamua anapaswa kusema, na mimi sikutaka kusema.

Nilikuwa nimemaliza chuo Dar es Salaam, nimerudi kwetu Masasi bila kazi. Ilikuwa ile miaka zahanati za watu binafsi zilipokuwa zikifunguliwa kila mtaa, kila mwenye nayo akitaka kumzidi mwenzake. Tabibu mmoja mstaafu, mwenye zahanati mojawapo, alinunua kompyuta mbili, akaniomba nimtengenezee programu ya kutunza kumbukumbu za wagonjwa. Kadi zake za karatasi zilijaza makabati matatu, na mchwa walikuwa wameshaanza kuzila.

Mimi ni mtu wa wasiwasi. Nikifunga mlango, narudi kuutikisa. Chuoni nilipofundishwa kuiandikia programu majaribio, nilihisi kuna watu waliowahi kuugua ugonjwa wangu wakautafutia dawa. Kila kipande cha programu unakiandikia jaribio lake dogo: nikikupa hiki, nirudishie kile. Unabonyeza kitufe, kompyuta inayaendesha yote yenyewe, kisha inachora mstari. Yote yakifaulu, mstari ni wa kijani. Hata moja likishindwa, mwekundu. Niliandika majaribio sabini na kitu. Mgonjwa asiye na umri. Jina lililoandikwa kwa herufi ndogo tupu. Mtoto aliyeandikiwa uzito wa sifuri. Kuliko yote, mgonjwa aliyewahi kudhurika na dawa: akirudi, onyo litokee kwa herufi kubwa kabla daktari hajaandika chochote.

Makabati yalikuwa chini ya karani mmoja mzee. Alipenda kuvuta kiti akae nyuma yangu.

"Msomi, mashine yako imekula leo?"

"Imeshiba, Mzee."

"Haya. Na hawa wanaotoka unyagoni na majina mapya, itawajua?"

Nilicheka. Kwetu mtoto akipelekwa jandoni au unyagoni hutoka na jina jingine, na lile la utotoni haliitwi tena. Kumwita mtu kwa jina hilo ni kumvua nguo mbele za watu. Mimi mwenyewe ninalo jina ambalo mama yangu hajalitamka tangu nilipokuwa na miaka kumi na mmoja.

"Wewe ulikuwa unafanyaje, Mzee?"

"Namwita mama yake pembeni, binti asisikie. Ananinong'oneza la zamani. Naenda kabatini." Akaigonga kompyuta kwa kidole. "Huyu sikio lake liko wapi?"

Siku hiyohiyo niliandika jaribio: mtoto kaandikishwa kwa jina moja, kadhurika na dawa, karudi kwa jina la pili, onyo litokee. Nikabonyeza. Mwekundu. Kurekebisha kulitaka nibadili namna nzima ya kutunza majina, kazi ya wiki nzima, na kesho yake mwenye zahanati alikuwa anakuja kutazama. Nilishamsimulia habari za mstari wa kijani, naye alishaalika jamaa zake waje kuuona. Nikaweka mikwaju miwili mwanzoni mwa lile jaribio, alama ya kuiambia kompyuta ipite bila kusoma. Nikabonyeza tena. Kijani. Kesho yake watu walipiga makofi, nami nikainama kama bibi harusi.

Nilikusudia kulirudisha. Kisha ikaja kazi ya kuingiza kadi zote za zamani, kisha printa, kisha ripoti za mwezi. Karani akapumzishwa, kwa kuwa mashine ilitosha.

Mwisho wa mwaka, shule zilipofungwa na wali wa unyago walipotoka ndani, mama mmoja aliteremka kutoka Newala na binti yake aliyekuwa na homa. Zamani waliwahi kuishi Masasi. Msichana wa mapokezi, mgeni wa huku, ndiye aliyenisimulia baadaye. Aliuliza kama binti amewahi kutibiwa pale. Mama akasema ndiyo, alipokuwa mdogo. Akaulizwa jina. Akamtazama binti yake aliyesimama palepale, akataja jina jipya. Kompyuta ikajibu kwamba hakuna mtu huyo, likafunguliwa faili jipya, safi. Akapewa vidonge vya malaria vya siku zile, vyenye salfa.

Siku ya tatu ngozi ilianza kuchubuka. Mama alirudi mbio kuomba barua ya kwenda hospitali ya misheni, Ndanda, na safari hii akainama mezani akanong'ona jina la utotoni. Onyo likajaa kwenye kioo: ASIPEWE DAWA YA SALFA. Programu yangu ililijua siku zote.

Ngozi ilirudi. Macho hayakurudi.

"Mama mwenyewe hakusema," mwenye zahanati aliniambia. "Mgonjwa asiposema, sisi tutajuaje?" Na ni kweli, hakusema. Nilishika maneno hayo wiki kadhaa. Niliondoa ile mikwaju miwili, nikautazama mstari mwekundu, nikakaa siku tisa kuurekebisha mpaka ukawa kijani. Swali la karani nalo nililijibu, kwa njia yangu: mapokezi sasa humwita mzazi pembeni. Sikupata nafuu yoyote.

Kisha mama yangu akaja na habari za sokoni. Kule kijijini kwa yule mama wa Newala, wanawake wakubwa waliosimamia unyago walisema mama yule alivunja mwiko: alitia chumvi kwenye mboga ya nyumbani kabla ya siku kutimia, mwanawe akiwa bado ndani. Ndiyo maana mtoto kachubuka. Na mama mwenyewe, walisema, kakubali. Alikuwa ametia chumvi kweli, kidogo, kwa kusahau.

Nilipomwambia mwenye zahanati kwamba nataka kwenda kumweleza mama yule ukweli, alivua miwani. "Ukimwambia, mtoto ataona?"

"Hapana."

"Basi unakwenda kujitua mzigo wako. Usimtwike yeye."

Maneno hayo yaliniweka siku nne nyingine. Huenda ni kweli, nakwenda kwa ajili yangu. Huenda atanichukia bure. Lakini kila nilipoyageuza, nilimkuta mama yule jikoni, anaogopa chumvi.

Asubuhi ya siku ya tano nilipanda gari la Newala. Nilimkuta uani. Binti yake alikuwa amekaa kwenye mkeka akipukuchua mbaazi kwa kupapasa, uso kaugeuzia ukutani.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Umetoka wapi na jua hili?"

Nikamwambia nimetoka wapi. Nikamwambia mimi ndiye niliyeitengeneza ile mashine, na kwamba onyo la binti lilikuwamo ndani tangu mwanzo. Nikaeleza jaribio, na mikwaju miwili, na makofi. Binti aliacha kupukuchua.

"Kwa hiyo ulijua," mama alisema.

"Nilijua, Mama."

"Ukalizima."

"Nikalizima. Watu walikuwa wanakuja kutazama."

Nilingoja anipige, au alie. Akasema taratibu, "Kwa hiyo si chumvi."

"Si chumvi, Mama."

Aliinuka, akajifunga kanga ya pili, akanishika mkono wangu kwa nguvu mpaka ukauma. Hakunisamehe, na sikumwomba. Alinipeleka nyumba ya nne, kwa yule mwanamke mkubwa aliyesimamia unyago, ambako wenzake watano walikuwa wamekaa barazani wakisuka ukili.

"Sema," alisema. "Vilevile. Usipunguze."

Nikawaamkia wote. Nikasema kosa ni langu, si la mama huyu, kisha nikaanza tena tangu siku ya mstari mwekundu, na sikupunguza.