Paja la Mkunga

Siku Kulthum alipomaliza arobaini yake ya uzazi, safari yake ya kwanza nje ya ua ilikuwa na mwanawe Rukia mgongoni na paja la mbuzi kikapuni, limefungwa kwa majani ya mgomba. Lilikuwa paja la akika ya mtoto, iliyochinjwa alfajiri hiyo, na kwao, tangu mababu, paja hilo ni haki ya mkunga.

Mkunga alikuwa Akidi, Mwacholi wa kaskazini, jirani yao pale Kamwokya. Alimpokea Rukia siku ya milio ya bunduki, ambapo hakuna gari lililothubutu kwenda hospitali. Wiki iliyofuata mume wa Akidi, Ongom, askari polisi, alichukuliwa na wanajeshi waliokuwa wakiwasaka Waacholi, akapelekwa gereza lao la Makindye, asirudi. Akidi akahama kimyakimya. Ilisikika tu kwamba yuko upande wa Bwaise.

Mama mkwe, Bi Mwanawetu, alishauri apewe mkunga yeyote wa karibu, maana nyama haimjui mwenyewe. Kulthum akajibu kwa adabu kwamba nyama haimjui, ila yeye anamjua.

Akashika njia. Alipita Kyebando, vibanda vya udongo vikiingia migombani kama wageni wasioalikwa. Akafika mahali mji unapokwisha na mafunjo yanapoanza, akageuka, akateremkia Bwaise, ambako maji ya mvua yalikuwa yamelala milangoni mwa watu. Alizaliwa Kampala, na hakujua kuwa Kampala yake ni kubwa hivyo.

Kila mlango alipiga hodi akamuulizia Akidi. Lakini miaka ile Kiswahili kilikuwa lugha ya wanajeshi; kikipiga hodi, watu walisikia buti. Milango ilifungwa. Muuza mkaa mmoja, mwenye lafudhi ya kaskazini isiyofichika, aliapa kwamba hajapata kumwona mtu wa kaskazini maishani mwake.

Jua likapinduka, na nyama haikungoja mtu. Ndipo Kulthum alipoacha kutaja jina. Kwenye ua mmoja wanawake walikuwa wakimenya matoke. Akapiga magoti topeni, kama Waganda wanavyowasalimu wakubwa, akaweka kikapu chini, akamleta mtoto kifuani, akaanza kunyonyesha.

"Jaja," alimwambia bibi aliyekuwa mkubwa wao, "simuulizi mtu. Nina paja la mkunga. Kama hapa yupo mama anayepokea watoto, aje achukue haki yake. Kama hayupo, mtoto akishiba nitaondoka."

Bibi akatazama nyama, akatazama mtoto, akatazama magoti yenye tope.

"Kachero gani huyu," akawauliza wenzake, "anakuja kukamata watu na ziwa nje?"

Wakacheka, lakini hakuna aliyeinuka. Kisha pazia la chumba cha mwisho likasogea. Akidi akatoka, amekonda, kilemba kimeshuka mpaka kwenye nyusi. Hakugusa nyama. Alimchukua Rukia kwanza, akapapasa utosi, shingo, mapaja.

"Umekuja kwa miguu?"

"Kwa miguu, dada. Haki yako si ya kumtuma mtu."

Ua mzima ulimjua Akidi kama mfua nguo tu. Mengine hakuwahi kuyasema, wala hakuulizwa. Sasa alimwinua mtoto juu ya vichwa vyao.

"Huyu nilimpokea mimi. Kwa mikono hii."

Bibi akabandika sufuria. Na msichana mmoja mjamzito akasogeza maganda ya matoke, akampisha Akidi akae karibu naye.