Mizizi ya Kupoza Dawa

Mimi si mtu wa kutulia. Hata kanisani nahama benchi. Wiki ile macho yangu yalipogeuka njano, nilizidi. Nafagia uwanja uliokwisha kufagiwa, narudi kwenye kioo, navuta kope chini, naondoka nikijitukana, narudi tena.

Dawa za kufubaza virusi nilizianza kitinda mimba wangu hajaota meno. Sasa ana ndevu. Kwa hiyo daktari wa kliniki pale Bariadi aliposema ini limeumia, na huenda ni dawa zenyewe, nilisimama, nikakaa tena. Dawa hizo ndizo zilizonifikisha hapa! Akizibadilisha, mpya zikinikataa, nitakimbilia wapi? Niliogopa kufa, nasema wazi.

"Mama, kuna kitu kingine unatumia?" akauliza. "Mitishamba?"

Kando yangu alikaa mama mkwe, mzazi wa marehemu mume wangu. Yeye ndiye aliyenichemshia mizizi kila alfajiri. Alisema dawa za hospitali ni moto, lazima zipozwe. Kwetu Usukumani mkwe hamwaibishi mama mkwe mbele ya watu. Tena huyu, shemeji zangu walipotaka kunifukuza baada ya msiba, alijilaza mlangoni wakashindwa kupita. Nilitazama kalenda, nikatazama viatu vya daktari. Lakini mficha maradhi kifo humuumbua.

"Mizizi," nikasema. "Nakunywa kila siku."

Daktari akaweka kalamu chini. Akaeleza kuwa iko mizizi inayoharibu ini, hasa kwa mtu aliye kwenye dawa. Dawa niendelee nazo, mizizi niache leo leo, damu ipimwe tena ndipo tujue cha kulaumu.

Mama mkwe akainuka, akatoka bila kuaga. Nilitoka mbio nyuma yake, maneno ya kuomba radhi yakigongana mdomoni. Nilimkuta kwenye benchi la nje, amekunja ncha ya kitenge chake mkononi.

"Mayu, mama yangu, nisamehe. Sikutaka kukuaibisha."

Hakuwa na hasira. Laiti angekuwa nayo.

"Ng'wanawane, mwanangu," akasema polepole, "mume wako naye alimeza dawa hizi. Naye macho yaligeuka hivi hivi. Tukasema amerogwa."

Akaikunjua ncha ya kitenge, akaikunja tena.

"Nikamwongezea mizizi."